Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuanza mbio za saiklokrosi ukiwa mgeni kabisa

Watu wetu wanaoishi huku Kentucky, Ohio na Indiana wananiuliza sana kuhusu hizi mbio za baiskeli za kwenye matope, hasa vijana wa Louisville wanaoona magari yanapita mwezi wa kumi yamebeba baiskeli zilizojaa udongo mpaka hujui rangi yake. Nimeamua kuyaweka majibu pamoja kwa Kiswahili, maana maelezo mengi yapo kwa Kiingereza na yameandikwa kana kwamba msomaji ameshakulia humo. Ukiwa uko Ulaya au sehemu nyingine ya Marekani mengi yatakufaa pia, ila mambo ya leseni uliza chama cha baiskeli cha huko uliko.

Saiklokrosi ni nini hasa?

Ni mbio za kuzunguka njia fupi mara nyingi. Kwenye mbio kubwa za UCI, yaani chama cha baiskeli cha dunia, raundi moja ni kati ya kilomita 2.5 na 3.5, na ndani ya hiyo raundi unakutana na majani, matope, mchanga, vilima vifupi vikali, kona zinazojirudia, na sehemu ambazo lazima ushuke ubebe baiskeli ukimbie nayo, kama ngazi au zile mbao mbili zinazowekwa kukatisha njia. Haziendi kwa kilomita, zinaenda kwa muda. Wanaume wa daraja la juu wanakimbia kama saa moja, wanawake wa daraja la juu dakika 50 hivi, na sisi wa kuanza ni nusu saa mpaka dakika 40 tu. Nusu saa inasikika kidogo lakini hamna sehemu ya kupumzika humo, moyo unadunda kwa nguvu tangu filimbi mpaka mwisho.

Msimu ni wa baridi. Ulaya wanaanza Septemba mpaka Februari, huku kwetu unaanza Septemba wakati bado kuna joto na vumbi, ukifika Novemba na Desemba ndo matope yenyewe.

Mbona washuke? Si ni mbio za baiskeli?

Swali hili naulizwa karibu kila wiki. Mchezo ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1900, waendesha baiskeli wa barabarani walikuwa wanatafuta njia ya kubaki na nguvu wakati wa baridi, wakawa wanakata mashambani, wanaruka uzio, wanabeba baiskeli begani pasipopitika. Mwanajeshi mmoja wa Ufaransa, Daniel Gousseau, anatajwa kuwa ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya taifa huko mwaka 1902. Halafu Octave Lapize akashinda Tour de France, zile mbio kubwa za barabarani za kuzunguka Ufaransa, mwaka 1910 akasema krosi ndo ilimjenga, hapo wengi wakaufuata. Mashindano ya dunia ya kwanza yalifanyika Paris 1950, akashinda Mfaransa Jean Robic. Kwa hiyo kushuka na kukimbia ni mchezo wenyewe, ndo maana mtu mwenye miguu ya kawaida lakini anashuka na kupanda vizuri anaweza kumuacha mtu mwenye nguvu kuliko yeye.

Kwa nini unasema Louisville ni mahali pazuri pa kuanzia?

Kwa sababu mashindano ya dunia ya kwanza kabisa kufanyika nje ya Ulaya yalikuja hapahapa, 2013, kwenye Eva Bandman Park pale kando ya Mto Ohio. Maji ya mto yalikuwa yanapanda, waandaaji wakaogopa mafuriko, wakazisukuma mbio zote zikafanyika siku moja tu, Jumamosi tarehe 2 Februari. Sven Nys wa Ubelgiji akachukua kwa wanaume, Marianne Vos wa Uholanzi kwa wanawake, na kwenye mbio za vijana akashinda kijana mmoja anaitwa Mathieu van der Poel. Huyo huyo Van der Poel ambaye leo ni bingwa mkubwa wa baiskeli. Mwaka 2025 pale Liévin, Ufaransa, alifikisha ubingwa wa dunia wa saba kwa wakubwa, akamfikia Erik De Vlaeminck aliyekuwa na saba tangu 1973.

Mi naona ni jambo kubwa kwamba jamii yetu kubwa namna hii, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, inaishi mji mmoja na eneo lenye historia hiyo halafu wengi wetu hatujui. Eneo zima hili lina mfululizo wa mbio unaitwa OVCX, unazunguka Kentucky, Ohio na Indiana karibu wikendi zote za msimu, kwa hiyo huna haja ya kupanda ndege wala kulala hotelini ili ushindane.

Sina baiskeli ya krosi. Naweza kushindana na hii niliyonayo?

Ndiyo. Kama ni mauntenibaiki, ile baiskeli ya milimani yenye tairi nene, na breki zinashika vizuri, njoo nayo. Kwenye madaraja ya kuanza karibu kote wanairuhusu. Kitu kimoja tu, zile pembe zinazofungwa kwenye ncha za hendeli zitoe, hazitakiwi, na hakikisha ncha za hendeli zimezibwa maana bomba likiwa wazi linakata mtu. Toa pia stendi, kengele, kariya, kishikio cha chupa, yaani kila kitu kinachoweza kunasa kwenye nguo au kukuumiza bega ukibeba. Mbio ni fupi, maji kunywa kabla.

Baiskeli ya changarawe nayo inafaa sana. Ile sheria ya tairi isizidi milimita 33 ni ya mbio za UCI, kwenye mbio za mtaani kwa sisi wa chini hamna anayekuja na kipimo. Baiskeli ya barabarani yenye tairi nyembamba ndo siishauri, matope yanajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Na nikitaka kununua ya krosi, ninunue ipi?

Nunua iliyotumika. Nasema hivi kwa moyo wangu wote kwa sababu nimeona kijana anakopa kununua baiskeli ya kaboni halafu msimu wa kwanza hajaujua hata mwili wake unataka nini. UCI iliruhusu breki za diski mwaka 2010 na tangu hapo watu wamehamia huko, kwa hiyo zile za zamani zenye breki za kubana rimu zinauzwa bei ya chini sana na bado zinakimbia vizuri. Breki zake hazishiki kama diski kukiwa na maji, hilo ulijue, ila kwa mwaka wa kwanza zinatosha.

Unapoikagua angalia saizi kwanza. Baiskeli nzuri ya saizi isiyo yako haina maana. Halafu zungusha magurudumu uone kama rimu imepinda, shika gurudumu litikise kushoto kulia usikie kama habu, pale katikati ya gurudumu, ina mlegezo, na geuza fremu uangalie chini pale pedali zinapozunguka, ndo huwa kuna nyufa au kutu. Meno ya giya yakiwa yamechongoka kama ya papa, hesabu bei ya cheni na giya mpya juu ya ile unayoambiwa.

Giya moja ya mbele inatosha, meno 38 au 40, na nyuma iwe na jino kubwa la 32 au 34 la kupandia.

Upepo wa tairi niweke kiasi gani?

Hapa naomba tukae kidogo maana hili ndo linaleta tofauti kubwa kuliko kitu chochote utakachonunua, na ni bure.

Wageni wengi wanajaza upepo mpaka tairi inakuwa ngumu kama ya barabarani, psi 60 au 70 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu). Ukiingia kwenye majani yenye umande na tairi hiyo inateleza kila kona na kila mzizi unakurusha. Krosi tunataka tairi laini inayojilaza na kushika ardhi. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya milimita 33 yenye tyubu ndani, anzia psi 32 hivi. Kama ni tairi isiyo na tyubu, ile ya kuweka dawa ya maji ndani, anzia 26 au 27. Ukiwa mwepesi punguza, ukiwa mzito ongeza. Mauntenibaiki yenye tairi ya inchi 2 inaweza kwenda 20 na kitu.

Baada ya hapo fanya hivi siku ya mazoezi, zunguka ile njia raundi moja, simama, toa upepo kidogo, zunguka tena, toa kidogo tena. Endelea mpaka usikie rimu inagonga mzizi au ukingo wa jiwe kwa mbali, mara moja tu kwa raundi. Hapo umefika, ongeza kidogo sana halafu acha. Ukiona tairi inapinda pembeni kwenye kona mpaka baiskeli inayumba umepitiliza. Mwenye tyubu awe mwangalifu zaidi, maana ukishusha sana tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe inatoboka matundu mawili yaliyopangana, ukiiona pancha ya namna hiyo ujue ni upepo mdogo, sio msumari.

Tumia pampu ileile kila mara. Geji za pampu zinatofautiana, 28 ya pampu yako inaweza kuwa 32 ya jirani. Andika namba yako na hali ya ardhi siku hiyo, ukavu, unyevu, mchanga, msimu ukiisha unakuwa na daftari lako mwenyewe ambalo hakuna atakayekuuzia.

Nashukaje na kupandaje bila kuanguka?

Unashuka upande wa kushoto siku zote. Cheni iko kulia, hutaki ikuchane mguu wala ikae kati yako na baiskeli.

Kushuka: ukikaribia mbao, unatoa mguu wa kulia kwenye pedali, unaupitisha juu ya siti kwa nyuma, unabaki umesimama juu ya pedali ya kushoto baiskeli bado inatembea, mkono wa kulia unahama kutoka kwenye hendeli unashika bomba la juu la fremu. Halafu mguu wa kulia unatua chini mbele na unaanza kukimbia papo hapo. Neno la muhimu hapo ni kukimbia, ukitua umesimama baiskeli inakuvuta na waliopo nyuma wanakugonga. Breki maliza kabla ya kutoa mguu.

Mbao kwenye mbio za UCI hazizidi sentimita 40, ziko mbili, umbali wa mita 4 mpaka 6. Inua baiskeli moja kwa moja juu kwa bomba lile ulilolishika, vuka, ishushe, hatua mbili tatu, inua tena. Usiirushe, ishushe taratibu, ukiibwaga cheni inatoka na hapo unapoteza muda zaidi ya ule uliookoa.

Kupanda ndo kunawaogopesha watu, hasa wanaume, na nawaelewa. Huruki juu ya siti. Unakimbia na mikono miwili kwenye hendeli, unasukuma kwa mguu wa kushoto, paja la kulia kwa ndani ndo linagusa siti kwanza halafu unateleza kukaa katikati. Likitua paja hamna kinachoumia. Kale ka kuruka kadogo ka ziada, miguu miwili hewani kabla ya kupanda, karibu kila mgeni anako, dawa yake ni kufanya taratibu kabisa ukiwa unatembea, sio kukimbia.

Nenda bustanini kwenye majani laini, tafuta tawi lililoanguka liwe mbao yako, fanya dakika 20 mara mbili kwa wiki. Baada ya mwezi mwili unaijua wenyewe.

Kubeba begani kuna ufundi?

Upo. Begani ni kwa ngazi ndefu au kilima cha matope, mbao mbili zile ni fupi mno kubebea begani, usihangaike. Ila kilima cha hatua 15 au 20, shika bomba la chini, inua, pitisha mkono wa kulia ndani ya fremu, bomba la juu likae begani karibu na shingo, halafu mkono huohuo wa kulia unapita chini ya hendeli unashika upinde wa hendeli wa kushoto ili gurudumu la mbele lisikupige usoni. Mkono wa kushoto unabaki huru wa kukimbilia. Mama zetu wamebeba ndoo na kuni maisha yao yote bila kuyumba, siri ni ileile, mgongo wima na hatua fupi.

Mchanga je?

Ingia kwa kasi, giya moja nzito kuliko unavyodhani, uzito nyuma kidogo, mikono ilegee. Gurudumu la mbele litataka kwenda kulia na kushoto, liache liogelee, ukipigana nalo linajichimbia na unaruka juu ya hendeli. Fuata mfereji wa waliopita. Na kama unaona kasi inakufa shuka mapema ukimbie, usisubiri isimame kabisa. Hata mabingwa pale Koksijde na Zonhoven, Ubelgiji, wanakimbia sehemu za mchanga.

Leseni na madaraja yakoje?

Marekani chama ni USA Cycling. Madaraja yanaanzia 5, la wanaoanza, mpaka 1. Wewe ni 5. Kama hujui utaupenda mchezo au la chukua leseni ya siku moja, unalipia pamoja na kiingilio unapojiandikisha, na usajili wa mbio nyingi unafanyika mtandaoni kupitia BikeReg. Jiandikishe mapema wiki hiyo, siku yenyewe bei hupanda na mbio nyingine hazichukui watu siku hiyohiyo.

Umri wa mbio za krosi unahesabiwa tofauti na wengi wanachanganyikiwa hapa. Kwa kuwa msimu unavuka mwaka, wanatumia umri utakaokuwa nao mwisho wa mwaka ule msimu unapoishia. Kwa hiyo kwa msimu ulioanza vuli ya 2025 unahesabiwa umri wako wa tarehe 31 Desemba 2026. Mtu wa miaka 39 anaweza kujikuta kwenye kundi la 40 na kuendelea, na hilo sio kosa la karani. Chini ya miaka 18 mzazi lazima asaini, njooni pamoja au pelekeni fomu iliyosainiwa.

Siku ya kwanza nifike saa ngapi na nifanye nini?

Fika masaa mawili kabla ya mbio yako kuanza. Mbio za wanaoanza mara nyingi ndo za mwanzo asubuhi, kwa hiyo ndiyo, utaamka giza bado. Nenda kwanza mezani uchukue namba yako na uulize ibandikwe upande gani, maana wanaohesabu wanakaa upande mmoja na wakikosa kuona namba yako jina lako halitokei kwenye matokeo. Bandika na pini nne au zaidi, isipepee.

Halafu zunguka njia. Njia hufunguliwa kwa muda fulani kabla ya mbio au katikati ya mbio na mbio, usiingie kamwe wakati wengine wanashindana. Raundi ya kwanza nenda taratibu na macho, angalia kila kona majani yamebaki wapi maana pale pasipokanyagwa panashika zaidi, amua ni wapi utashuka na uamue kabisa. Raundi ya pili nenda kwa kasi uone kama maamuzi yako yalikuwa sawa. Dakika 20 za mwisho pasha mwili moto vizuri, jasho litoke, kwa sababu hizi mbio hazina mwanzo wa polepole.

Mstari wa kuanzia watu wanaitwa kwa mpangilio, wenye pointi za mbio zilizopita wanakaa mbele, mgeni anakaa nyuma. Kaa nyuma na usiumie moyo. Filimbi ikilia watu wote wanakimbilia kona ya kwanza, njia inabana, mbele yako watajazana. Wewe vuta pumzi, angalia mbele sio gurudumu la aliye mbele yako, na wakianza kuanguka pita pembeni. Utawapita wengi raundi ya pili, waliomaliza nguvu zote kwenye dakika mbili za kwanza.

Nikizungukwa na wanaoongoza ni aibu? Nitatolewa?

Si aibu hata kidogo na nataka hili liwakae. Njia ni fupi, kwa hiyo hata mtu mzuri anaweza kuzungukwa. Kwenye mbio za UCI kuna sheria ya asilimia 80, ukiachwa kwa muda unaofikia asilimia 80 ya raundi ya kwanza ya anayeongoza, unatolewa. Mbio za mtaani za wanaoanza kwa kawaida wanakuacha uendelee. Idadi ya raundi inapangwa baada ya kuona kasi ya mwanzo, utaona ubao wa namba ukishuka, kengele ikilia ni raundi ya mwisho, na aliye mbele akishamaliza, na wewe unamaliza pale unapofika mstarini hata kama una raundi pungufu.

Ukisikia mtu nyuma anasema kushoto au kulia, shikilia mstari wako ulionyooka, yeye ndo atakuzunguka. Usiyumbe ghafla kumpisha, hapo ndo watu wanagongana.

Halafu kuna kitu kinanifurahisha kwenye mchezo huu, kwa kuwa watu wanapitana pitana kila sehemu, unajikuta unashindana na mtu mmoja yuleyule nusu saa nzima kugombea nafasi ya 31, na watazamaji waliosimama kando ya utepe unaozungushia njia wanawapigia kelele kama vile ni fainali. Wakimaliza wanakumbatiana. Sijaona mchezo mwingine unaompa aliye nyuma heshima ya namna hiyo.

Nikipata pancha au cheni ikikatika?

Kuna sehemu inaitwa piti, hapo ndo pekee unaruhusiwa kubadilisha baiskeli au gurudumu au kusaidiwa na mtu. Ukiharibikiwa nje ya piti unakimbia na baiskeli yako kwenda mbele mpaka ufike piti, hurudi nyuma kinyume na njia. Mabingwa wana baiskeli mbili tatu na watu wa kuziosha kila nusu raundi. Wewe weka piti gurudumu moja la akiba kama unalo, kama huna usijali. Ukitoka nje ya utepe kwa kuanguka, rudi uingie palepale ulipotokea.

Nivae nini? Mi kama mwanamke wa Kiislamu naruhusiwa kushindana nimejifunika?

Karibu sana dada. Helmeti ni lazima kwa kila mtu, kuanzia ile dakika unapanda baiskeli eneo la mbio, sio kwenye mbio tu. Jezi iwe na mikono. Zaidi ya hapo hamna anayekulazimisha suti ya kubana. Suruali ndefu ya michezo, mikono mirefu, hijabu nyembamba ya michezo chini ya helmeti, yote sawa, hakikisha tu hakuna kitambaa kinachoning'inia kikaingia kwenye cheni au spoku. Novemba wote mtakuwa mmejifunika hivyohivyo. Wanawake wana mbio zao za wanaoanza, na mara nyingi kundi ni dogo kwa hiyo unapata nafasi ya kujifunza bila kusukumwa.

Kuhusu wanawake kwenye mchezo, mashindano yao ya dunia yalianza 2000 tu, ila angalieni walikofika: Marianne Vos ana ubingwa wa dunia mara nane, na Pauline Ferrand-Prévot aliyechukua krosi 2015 ndiye aliyeshinda Tour de France ya wanawake 2025.

Viatu, kama una pedali za kujifunga kiatu tumia viatu vya mauntenibaiki vyenye njumu mbele, bila njumu kilima cha matope utapanda kwa magoti. Kama una pedali za kawaida, raba yenye soli ya meno inatosha. Lete nguo za kubadilisha mpaka soksi na chupi, na mfuko wa plastiki wa zile chafu.

Mbio ziko Jumapili na mi nina kwaya.

Wikendi nyingi zina mbio Jumamosi na Jumapili, chagua Jumamosi. Na za Jumapili, ukiwa daraja la 5 unamaliza asubuhi mapema, wengine wanawahi ibada ya pili. Ongea na familia kabla ya msimu, onyesha kalenda, chagua mbio nne au tano, usitake zote.

Watoto wanaweza kuja?

Walete. Mbio nyingi zina kipengele cha watoto, raundi moja fupi, mara nyingi bure au bei ndogo sana, baiskeli yoyote ilimradi breki na helmeti. Mtoto wa kwetu akishaona wazazi wa watu wengine wanamshangilia kwa jina lake, wiki inayofuata yeye ndo anakuamsha.

Nifanye mazoezi gani kwa wiki?

Kwa mtu anayefanya kazi zamu za ghala au hospitali, siku tatu zinatosha. Moja ya ufundi bustanini kama nilivyoeleza. Moja ya nguvu: dakika 3 kali dakika 3 taratibu, rudia mara tano, na kabla ya kurudi nyumbani kimbia na baiskeli begani kwenye kilima kifupi mara chache. Moja ya mwendo mrefu wa raha, saa moja na nusu mpaka mbili. Kama umetoka zamu ya usiku lala, usilazimishe.

Naoshaje baiskeli baada ya mbio?

Siku hiyohiyo, matope yakikauka yanakuwa saruji. Ukitumia mashine ya maji ya presha usilenge kwenye habu wala pale pedali zinapozunguka wala shingo ya hendeli, maji yanasukuma grisi nje na bearingi zinakufa ndani ya mwezi. Ndoo ya maji ya sabuni na brashi ndo bora zaidi. Futa cheni kavu, tia oili tone kwa tone, futa iliyozidi. Kagua pedi za breki kila baada ya mbio ya matope kwa sababu mchanga unazila haraka, mbio moja tu mbaya inaweza kuzimaliza.

Nyumbani Afrika Mashariki ujuzi huu una kazi gani?

Una kazi. Baada ya mashindano ya dunia ya barabarani kufanyika Kigali Septemba 2025 vijana wengi wamewaka, na Kenya kuna Migration Gravel Race kwenye eneo la Maasai Mara ambayo ni changarawe, vumbi, na ikinyesha ni matope yenyewe. Anayejua kusoma upepo wa tairi, kushuka bila kusimama na kupita kwenye mchanga, huko ana faida. Angalieni Van der Poel, Wout van Aert, Tom Pidcock, wote wamekuwa mabingwa wa dunia wa krosi na wote wanashinda barabarani pia.

Nianze lini?

Mbio za Septemba ndo rahisi kwa mgeni, ardhi kavu, baridi hamna, njia haijachimbika. Sasa hivi kagua breki, tafuta tawi bustanini, na kalenda ya OVCX ikitoka chagua Jumamosi moja iliyo karibu na kwako. Ukifika na huna unayemjua tafuta hema ambalo watu wanaongea Kiswahili, nami huwa nipo na pampu, chai ya tangawizi na pini za ziada.